Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara: Kubadilisha Sanduku la Fyuzi na Kuimarisha Nyaya za Datsun 240Z

Majibu haya yanahusu gari gani hasa?

Yanahusu Datsun 240Z, gari la michezo lililoanza kuuzwa Japani mwishoni mwa mwaka 1969 kwa jina la Fairlady Z, ambalo lilitengenezwa hadi mwaka 1973 kabla ya kupokewa na 260Z. Afrika Mashariki inalifahamu gari hili kwa sababu maalumu: Edgar Herrmann na Hans Schüller walishinda nalo mashindano ya Safari mwaka 1971, na mwaka 1973 Shekhar Mehta akishirikiana na Lofty Drews akashinda nalo tena, baada ya kulingana alama na Datsun nyingine iliyoendeshwa na Harry Källström. Tangu mwaka 2003, Safari ya magari ya kale imeyarudisha magari haya kwenye vumbi la barabara zetu. Mengi ya yanayoelezwa hapa yanafaa pia kwa magari mengine ya Kijapani ya miaka ile, lakini mahali pa sanduku, jinsi taa kubwa zilivyounganishwa na tabia ya tachometa (kipima mizunguko ya injini) ni mambo ya 240Z, na mwenye gari la aina nyingine asiyachukue bila kutazama mchoro wa gari lake.

Sanduku langu la fyuzi limeyeyuka, lakini fyuzi yenyewe haijakatika. Inawezekanaje?

Hili ndilo swali ninaloulizwa kuliko mengine yote, na anayelielewa jibu lake ameielewa kazi nzima iliyo mbele yake.

Fyuzi hukatika pale mkondo unapozidi kiwango chake. Haijui lolote kuhusu joto linalozaliwa pembeni yake. Katika 240Z, sanduku la fyuzi limewekwa kwenye konso ya katikati, mbele ya gia, na fyuzi za kioo zimeshikwa na vibano vya shaba. Kila kibano kimefungwa kwenye kitako cha plastiki kwa ribiti, na waya unaoleta au kupeleka umeme umeungana na kibano kupitia ribiti hiyo hiyo, upande wa nyuma ambao huuoni mpaka uling'oe sanduku. Baada ya miaka 50, ribiti imelegea kidogo, shaba imeshika ukungu wa kijani, na kibano kimepoteza nguvu ya kubana kioo. Hapo panazaliwa ukinzani mdogo ambao haukuwepo gari lilipotoka kiwandani.

Tuseme taa ndogo zote, yaani za mbele, za nyuma, za pembeni, za kibao cha namba na za dashibodi, zinavuta ampea 7, na tuseme ribiti iliyolegea ina ukinzani wa sehemu moja ya kumi ya omu. Joto linalotoka hapo ni mkondo mara mkondo mara ukinzani, ambalo ni karibu wati 5. Balbu ndogo ya wati 5 ikiwaka kwa dakika chache huwezi kuishika kwa vidole. Sasa fikiria balbu hiyo imezikwa ndani ya plastiki, chini ya kifuniko, kwenye konso isiyopitisha hewa, kwa safari ya usiku kutoka Nairobi hadi Mombasa. Plastiki inalainika, kibano kinainama, kinazidi kulegea, ukinzani unaongezeka, joto nalo linaongezeka. Muda wote huo mkondo ni ampea 7 zile zile au pungufu, na fyuzi haina sababu yoyote ya kukatika.

Ndiyo maana katika magari mengi ya aina hii mahali palipoungua ni pale pale: fyuzi ya taa ndogo. Ukilifungua sanduku utaona kifuniko kimeacha alama ya kahawia juu ya fyuzi hiyo, na ukilipindua utaona ganda la waya limekuwa gumu na kupasuka kwa urefu wa sentimita mbili au tatu kutoka kwenye ribiti, ilhali waya huo huo mbele kidogo ni laini kama mpya. Urefu huo wa ganda lililopasuka unakuonyesha joto lilianzia wapi.

Basi niweke fyuzi kubwa zaidi?

Hapana. Kazi ya fyuzi ni kulinda waya, na ukubwa wake hupimwa kwa waya mwembamba kuliko wote katika njia inayoilinda. Ukiweka ampea 30 mahali pa 20, kiunganishi kibovu kitaendelea kupata moto kama kawaida, na siku waya utakapogusa bodi, utakaoungua kwanza ni waya nyuma ya dashibodi. Karatasi inayong'aa ya pakiti ya sigara iliyozungushwa kwenye fyuzi iliyokatika, desturi ambayo bado naikuta kwenye magari yanayoletwa kwangu, ina hatari hiyo hiyo, tena kubwa zaidi, kwa kuwa hakuna anayejua karatasi ile itastahimili ampea ngapi.

Nitajuaje kama nyaya zangu bado nzima kabla ya kuanza kukata?

Kwa kupima, na kipimo kinachofaa ni cha upotevu wa volti huku chombo kikiwa kinafanya kazi. Mafundi wengi hupima kwa taa ya kujaribia, wakiona imewaka wanasema umeme upo. Taa ile huvuta mkondo mdogo sana, na waya uliobakiwa na uzi mmoja tu kati ya kumi na tisa utaiwasha vizuri, kisha utashindwa kuwasha taa kubwa.

Chukua mita ya umeme, iweke kwenye volti za betri, washa taa kubwa huku injini ikiwa imezimwa, kisha weka ncha moja ya mita kwenye nguzo chanya ya betri na nyingine kwenye terminali chanya iliyo nyuma ya taa. Utakachosoma ni volti zinazopotea njiani. Katika 240Z ambayo haijaguswa, usishangae kuona volti moja na nusu au hata mbili. Rudia zoezi hilo hatua kwa hatua: kutoka betri hadi kwenye swichi, kutoka kwenye swichi hadi upande wa kuingia wa sanduku la fyuzi, kutoka upande mmoja wa fyuzi hadi wa pili, na mwisho kutoka sandukuni hadi kwenye taa. Kati ya pande mbili za fyuzi, pamoja na vibano vyake, mahali pazima pasipoteze zaidi ya sehemu moja ya kumi ya volti. Halafu fanya hivyo hivyo upande wa hasi, kutoka kwenye terminali hasi ya taa inayowaka hadi nguzo hasi ya betri, kwa sababu nusu ya matatizo ya umeme ya magari haya yako upande wa kurudi, na hakuna anayeutazama.

Andika namba zote kwenye karatasi pamoja na tarehe. Baada ya kazi utapima tena mahali pale pale, na tofauti ya namba ndiyo itakayokuonyesha kama fedha zako zimefanya kazi. Hasara ya volti si jambo dogo: mwanga wa balbu ya kawaida hushuka haraka kuliko volti zinavyoshuka, kiasi kwamba balbu inayopata volti 11 badala ya 12 hupoteza takribani robo ya mwanga wake.

Je, naweza kulisafisha sanduku la zamani badala ya kulibadilisha?

Unaweza, ikiwa plastiki haijaungua na gari linatunzwa kwa ajili ya maonyesho ambako uasilia unathaminiwa. Ondoa kebo ya betri, ng'oa sanduku, sugua vibano kwa msasa laini hadi shaba ing'ae, vibane kwa koleo dogo ili virudishe nguvu, kisha lehemu kila waya moja kwa moja kwenye kibano ili umeme usitegemee tena ribiti. Tumia chuma cha kulehemia chenye nguvu na ufanye haraka, maana ukichelewesha joto plastiki italainika. Kazi hiyo ikifanywa kwa uangalifu humaliza tatizo kwa miaka mingi.

Lakini kwa gari linaloendeshwa, hasa katika hewa ya chumvi ya pwani, ushauri wangu ni sanduku jipya la fyuzi za bapa. Yapo masanduku yaliyotengenezwa maalumu kwa 240Z, yanayoingia mahali pa lile la zamani na kutumia plagi za asili, kwa hiyo hukati waya hata mmoja na siku ukitaka kulirudisha la zamani unalirudisha. Usipolipata hilo, sanduku la kawaida lenye nafasi 10 au 12 linatosha, ila hakikisha lina kifuniko na kwamba terminali zake ni za kubana waya vizuri. Yale yenye skrubu zinazoshinikiza nyuzi za waya moja kwa moja hulegea kwa mtikisiko.

Fyuzi za bapa zina ubora gani kuliko za kioo?

Fyuzi za bapa zilianza kutumika kwenye magari katikati ya miaka ya 1970, yaani baada tu ya 240Z kuacha kutengenezwa. Bapa lake hupenya kati ya meno mawili yanayolibana kwa upana, ilhali fyuzi ya kioo hushikwa kwa mstari mwembamba tu wa mgusano. Rangi zake ni zile zile duniani kote, na hilo ni faida kubwa usiku kando ya barabara: kahawia hafifu ni ampea 5, kahawia nzito ni 7.5, nyekundu 10, buluu 15, njano 20, nyeupe inayopenyeza mwanga 25, na kijani 30. Jihadhari na fyuzi za bei ya chini mno. Nimeshawahi kujaribu fyuzi mezani, iliyoandikwa 15, nikaipitishia ampea 30 kwa zaidi ya dakika nzima bila kukatika, huku ganda lake likianza kulegea. Kata moja ya kila pakiti unayonunua kwa kuijaribu, kabla ya kuziamini zilizobaki.

Kiwango ukichague hivi: mzigo wa kawaida usizidi takribani robo tatu ya namba iliyoandikwa kwenye fyuzi. Taa ndogo zinazovuta ampea 7 zinatoshewa na fyuzi ya 10.

Rilei inahitajika kweli, au ni mapambo ya mafundi?

Rilei ni swichi inayowashwa kwa sumaku ya umeme. Inahitajika, na kwa taa kubwa ndiyo sehemu ya kazi yenye manufaa yanayoonekana haraka zaidi. Katika 240Z umeme wote wa taa kubwa hutoka kwenye betri, hupita mbele hadi ndani ya gari, huingia kwenye swichi ndogo iliyo kwenye mkono wa usukani, hupitia fyuzi, kisha hurudi tena mbele. Taa mbili za wati 60 huvuta ampea 10 na zaidi. Swichi ile ina vigusio vidogo kuliko ukucha wa kidole cha mwisho, na ukiifungua mara nyingi utavikuta vimekuwa vyeusi na vyenye mashimo. Rilei huiondolea swichi mzigo huo: swichi inabaki kupitisha mkondo mdogo, chini ya robo ya ampea, wa kuamsha sumaku ya rilei, na umeme mzito unatoka kwenye betri kwenda kwenye taa kwa njia fupi na waya mnene.

Sasa nakuomba usome kwa makini, kwa sababu hapa ndipo mafundi wazuri kabisa hukosea. Katika magari mengi, swichi ya fulu na dimu hukata upande wa chanya, na waya wa pamoja wa taa umefungwa kwenye bodi. Katika 240Z ni kinyume. Waya wa pamoja wa taa ndio unaoletewa chanya, na swichi ya fulu na dimu huunganisha upande wa hasi. Fundi asiyejua hili akifunga waya wa pamoja kwenye bodi kama alivyozoea, akiwasha taa anapata shoti papo hapo.

Njia ninayoitumia mimi ni ya rilei mbili zilizowekwa mbele karibu na betri. Sumaku ya kila rilei ina miguu miwili, 85 na 86. Mguu wa 86 unapokea chanya kutoka kwenye waya wa zamani wa taa, na mguu wa 85 unakwenda kwenye waya wa swichi, mmoja wa fulu kwenye rilei ya kwanza na mwingine wa dimu kwenye rilei ya pili. Mguu wa 30 unapokea umeme mzito kutoka kwenye betri, na wa 87 unaupeleka kwenye taa kupitia fyuzi mbili, moja kwa kila upande, ili fyuzi moja ikikatika usibaki gizani kabisa. Kwa mpangilio huu waya wa pamoja wa taa sasa unafungwa kwenye bodi, na unaweza kutumia balbu yoyote ya H4, zikiwemo za LED ambazo nyingi hukataa kuwaka kwenye mpangilio wa asili kwa sababu ya kugeuzwa kwa chanya na hasi. Taa ya buluu ya fulu kwenye dashibodi inaendelea kufanya kazi kama zamani.

Taa ndogo nazo zinastahili rilei yake, kwa kuwa ndizo zinazoyeyusha sanduku. Honi ina rilei ya kiwandani. Ukiongeza feni ya umeme ya rejeta au pampu ya petroli ya umeme, usizitundike kwenye fyuzi yoyote ya zamani. Kila moja iwe na rilei na fyuzi yake.

Nitumie waya wa unene gani?

Unene huamuliwa na mambo mawili, joto na upotevu wa volti, na kwenye gari la volti 12 mara nyingi upotevu ndio unaoamua. Waya wa shaba wa milimita mraba 0.85, wenye urefu wa mita 5 na ukibeba ampea 10, hupoteza takribani volti moja nzima. Wa milimita mraba 2.5 kwa urefu huo huo hupoteza theluthi moja tu ya volti. Kwa hiyo kutoka rilei hadi taa kubwa natumia 2.5, kutoka betri hadi kwenye sanduku la rilei natumia 6, kwa indiketa na taa ndogo 1 inatosha, na kwa feni ya rejeta 4.

Kuna mambo mawili ya madukani. La kwanza, waya wa nyumba haufai kwenye gari. Nyuzi zake ni chache na nene, hupasuka kwa mtikisiko karibu na terminali, na ganda lake halikukusudiwa kuvumilia mafuta na joto la injini. La pili, siku hizi kuna nyaya nyingi za redio za bei nafuu ambazo ndani yake ni alumini iliyopakwa shaba. Ukifika dukani, iwe Kirinyaga Road jijini Nairobi au Gerezani jijini Dar es Salaam, omba ruhusa ya kukwangua uzi mmoja kwa kisu. Ukiona weupe chini ya rangi ya shaba, urudishe. Muuzaji mwaminifu hatachukia, naye mafundi wake wa kila siku humwomba hivyo hivyo.

Nilehemu viungo au nibane terminali?

Kubana, kwa koleo la kazi hiyo lenye meno yanayofuata umbo la terminali na lisiloachia mpaka libane hadi mwisho. Terminali za Kijapani zina jozi mbili za mabawa: moja hushika shaba, nyingine hushika ganda la waya, na jozi hii ya pili ndiyo inayozuia waya usikatike. Koleo la kawaida haliwezi kuyakunja mabawa hayo ndani inavyotakiwa. Ukilehemu, lehemu yako hupanda ndani ya nyuzi na kuufanya waya kuwa mgumu, na pale ugumu unapokoma ndipo waya hukatikia kwa mtikisiko. Kulehemu kunafaa pale ambapo waya hautikisiki, kama nyuma ya sanduku la zamani nililolieleza juu, au kwa kiungo kilichofunikwa kwa mpira wa kunywea joto na kufungwa pamoja na nyaya nyingine. Kuzungusha nyaya mbili kwa vidole na kufunga utepe mweusi si kiungo. Gundi ya utepe huyeyuka kwa joto la dashibodi ndani ya mwaka mmoja, na nyuzi zinabaki wazi.

Ninabadilisha alternata kuwa kubwa zaidi. Kuna la kuzingatia?

Yapo makubwa. Alternata ya 240Z hutegemea kidhibiti cha volti kilicho nje, na wengi huweka ya Datsun 280ZX ya ampea 60 ambayo kidhibiti chake kiko ndani. Inaingia kwenye nafasi ile ile bila taabu. Kidhibiti cha zamani kinaondolewa na nyaya za plagi yake zinaunganishwa upya ili terminali ya S ione volti za betri na terminali ya L ipate umeme wa ufunguo. Hapo linajitokeza jambo linalowashangaza wengi: unazima ufunguo, injini inaendelea kunguruma. Sababu ni kwamba alternata inayozunguka hurudisha umeme kupitia L hadi kwenye koili inayozalisha cheche za injini. Daiodi moja kwenye waya wa L, inayoruhusu umeme kwenda kwenye alternata na kuuzuia usirudi, inamaliza jambo hilo.

Jambo la pili ni ameta, yaani mita ya ampea iliyo kwenye dashibodi. Katika 240Z, karibu umeme wote unaokwenda na kutoka kwenye betri hupita nyuma ya dashibodi kupitia ameta. Ni waya mrefu, wa zamani, na viungo vyake ni vya zamani pia. Ukiwa na alternata kubwa na betri iliyochoka, unavipitishia mkondo ambao havikutengenezwa kuubeba. Mimi hutandika waya mpya wa milimita mraba 10 kutoka alternata moja kwa moja hadi betri, wenye fyuzi kubwa ya ampea 80 karibu na betri, na kuiacha ameta ikionyesha kidogo tu au kuibadilisha na mita ya volti. Ninaelewa uchungu wa kuinyamazisha ameta ya asili. Lakini moto ulioanzia nyuma ya ameta hauwezi kuufikia kwa mkono ukiwa umekaa kwenye kiti.

Ule waya mfupi wa fyuzi karibu na betri nao nibadilishe?

Ndiyo. Waya huo ni fyuzi ya gari zima, uliotengenezwa mwembamba kuliko nyaya unazozilinda, wenye ganda lisiloshika moto. Uvute taratibu: ukinyumbuka kama mpira, ndani umeshaungua. Badala yake weka mwingine wa aina hiyo hiyo au kishikio cha fyuzi kubwa ya bapa chenye kifuniko. Usiweke waya wa kawaida hata kwa siku moja ya kufika nyumbani.

Nimemaliza kubadilisha nyaya, injini haiwaki kabisa. Kwa nini?

Kabla ya kutafuta mbali, tazama tachometa. Katika 240Z za awali, umeme wa koili hupita kwanza ndani ya tachometa, na ndivyo inavyohesabu mizunguko. Ukiichomoa dashibodini ukasahau waya mmoja, koili haipati kitu. Magari mawili yaliyovutwa kwa kamba hadi kwangu yalikuwa na tatizo hilo hilo tu, plagi moja ya tachometa ambayo haikuingia mpaka mwisho.

Rangi za nyaya kwenye mchoro zinanichanganya.

Katika michoro ya Datsun, herufi B ni nyeusi na L ni buluu. Herufi mbili zikifuatana, ya kwanza ni rangi ya ganda na ya pili ni ya mstari, hivyo LW ni waya wa buluu wenye mstari mweupe. Ukinunua waya mpya, jitahidi kufuata rangi hizo. Ukishindwa kupata yenye mstari, tumia rangi ya ganda na ufunge kipande cha karatasi chini ya mpira mwangavu kila mwisho wa waya, kikiwa na namba uliyoiandika pia kwenye mchoro wako. Fundi atakayelifungua gari hilo baada ya miaka 20 anastahili heshima hiyo.

Ethi, yaani viungo vya hasi kwenye bodi, nizifanyeje?

Kwangua rangi ya bodi mpaka chuma king'ae, funga terminali ya mviringo kwa boliti yenye washa ya meno, kisha paka grisi juu yake kuzuia kutu. Taa za nyuma zinazofifia ukikanyaga breki ni dalili ya ethi mbovu nyuma ya gari. Usisahau mkanda mnene wa shaba kati ya injini na bodi. Ukikosekana, mkondo wa stata hutafuta njia nyingine ya kurudi, na mara nyingi njia hiyo ni kebo ya choki, ambayo hupata moto hadi ganda lake kutoa moshi mkononi mwako.

Je, ni lazima nibadilishe nyaya zote?

Kwa gari ambalo halijawahi kuungua, mara nyingi hapana. Waya wa kiwandani uliofungwa kwa utepe wake na usioona jua bado ni mzima. Ninabadilisha sanduku la fyuzi, ninaweka rilei za taa, ninaimarisha njia ya alternata, ninasafisha ethi na kurudisha hali ya asili kila mahali palipokatwa na kuongezwa redio, kengele na taa za ukungu kwa miaka yote hiyo. Kuondoa nyongeza hizo huchukua muda mrefu kuliko kuweka vipya. Ikiwa moto umepita ndani ya fungu la nyaya, hata mara moja, badilisha fungu lote, kwa kuwa nyaya zilizolala karibu na ule ulioungua zimeshikana maganda na hutaliona hilo kwa nje.

Ninaunganishaje betri kwa mara ya kwanza baada ya kazi?

Usiiunganishe moja kwa moja. Chukua balbu ya breki ya wati 21 yenye nyaya mbili, funga waya mmoja kwenye nguzo hasi ya betri na mwingine kwenye kebo hasi ya gari, huku ufunguo ukiwa umezimwa, milango imefungwa na fyuzi zote zimetolewa. Balbu isiwake. Ikiwaka kwa nguvu, kuna shoti kabla ya fyuzi, na mkondo unaopita ni chini ya ampea 2, hivyo hakuna kitakachoungua wakati unatafuta. Ikibaki giza, rudisha fyuzi moja baada ya nyingine. Saa ya dashibodi inaweza kuifanya iwake hafifu kwa muda mfupi, na hilo si kosa. Fyuzi itakayoifanya balbu ing'ae ndiyo yenye njia mbovu, nawe utakuwa umeipata bila kupoteza waya wowote. Fyuzi zote zikishaingia na balbu imebaki giza, iondoe, funga kebo ya hasi, washa taa ndogo, subiri robo saa, kisha weka kidole juu ya kila fyuzi ya sanduku jipya. Isiwepo yoyote iliyo moto.